Mishale ya Bi Pasi

Mashuka mia nne kwa siku hayakuwahi kumshinda Bi Pasi. Kilichomshinda ni visanduku kumi na vinne.

Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia katika hospitali kubwa ya serikali, mwaka wa kumi na nane sasa, na jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye faili la utumishi tu. Kila mtu, kuanzia daktari bingwa mpaka mlinzi wa geti, alimwita Bi Pasi. Wengine walisema ni kwa sababu hata kitambaa chake cha kichwani hakikuwahi kuonekana na mkunjo. Yeye mwenyewe alisema ni kwa sababu hakuna mtihani wa kazi aliowahi kufeli, yote anapasi. Basi Jumatatu ile, mbele ya wakuu wote wa idara, Bi Pasi akafeli.

Ilikuwa hivi. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, na safari hii walitaka kila idara iwe na chati inayoonyesha kazi inavyotembea: kitu kinaingia wapi, kinapita mikononi mwa nani, kinatokea wapi. Chati zote zichorwe kwa programu moja ya kompyuta. Bi Pasi alishinda nayo siku tatu. Akaweka visanduku, akavuta mishale, akajaza maneno, na pale ofisini kwake ilionekana chati ya haja. Lakini alipoirusha ukutani kwenye chumba cha mikutano, Katibu wa hospitali, mwanamume ambaye miwani yake ilikaa nchani mwa pua siku zote, akamwambia, "Hebu sogeza hicho cha kukaushia kidogo kulia, tusome."

Bi Pasi akakisogeza. Kisanduku kikaenda, mishale ikabaki. Ikaning'inia hapo katikati, haina itokako wala iendako, kama kamba iliyoanuliwa nguo. Akataka kukirudisha kisanduku mahali pake. Hapo programu ikaona afadhali ipange vyote upya: visanduku kumi na vinne vikaruka huku na huko, "Kupiga pasi" kikatua juu ya "Kupokea nguo chafu," na mishale yote ikasokotana.

"Hii ni chati, au ni uzi uliochezewa na paka?" akauliza mtunza stoo kutoka kiti cha nyuma, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Bi Pasi naye akacheka, kicheko cha kujikaza kisabuni. Katibu hakucheka. Mkutano ulipokwisha alimzuia mlangoni.

"Bi Pasi, nakuheshimu, hilo unalijua. Lakini nisikufiche. Kuna kampuni ya nje inaitaka hii kazi ya kufua. Wao chati yao walishaileta, imenyooka kama rula. Idara yako ikianguka Alhamisi ile, mimi sitakuwa na mdomo wa kuwatetea."

"Nina watu kumi na mmoja mle ndani, Katibu."

"Najua. Basi niletee chati inayosomeka."

Jumamosi asubuhi akaifungua kompyuta mezani nyumbani kwake. Na nyumbani nako kulikuwa na mtihani mwingine, umeketi sebuleni umekunja nne, unakunywa chai: wifi yake.

Dada huyu wa mumewe alikuwa amekuja kukaa wiki mbili, wakati mafundi wakimbadilishia bati za nyumba yake. Alikuwa mchora ramani aliyestaafu. Alianza kazi enzi za kalamu ya wino na karatasi nyembamba ya kunakilia, akamalizia kwenye kompyuta, na katika ofisi yao ya ardhi ilisemekana kwamba mstari uliochorwa naye haukupimwa mara ya pili. Watoto wa nyumba ile walikuwa na mzaha wao: nyumba yetu ina wifi mbili, moja hukatika kila mvua ikinyesha, nyingine haikatiki hata umeme ukizimika.

Kati ya wanawake hawa wawili kulikuwa na maneno mawili tu. Asubuhi "shikamoo wifi," na "marahaba." Yaliyobaki yalipitia kwa watoto. Chanzo kilikuwa cha zamani. Siku Bi Pasi alipopelekwa mara ya kwanza kwa wakwe, alipita karibu na mlango wa jikoni, akasikia sauti ya wifi huyu ikisema, "Kaka yangu na kisomo chake chote, kaenda kuokota dobi." Miaka ishirini imepita, lakini neno lile lilikuwa doa la wino kwenye shuka jeupe. Kila ukilifua linafifia, haliondoki.

Basi Jumamosi hiyo mume alikuwa juu ya paa la dada yake, anasimamia mafundi, na watoto walikuwa nje. Bi Pasi alisogeza kisanduku, mishale ikabaki. Akairudisha mmoja mmoja, akasogeza kingine, ikabaki tena. Akashika tama.

"Hiyo mishale hujaifunga," sauti ikatoka nyuma ya bega lake. "Umeiegemeza tu."

Bi Pasi hakugeuka. Jibu lilimjia mpaka kwenye ulimi, jibu kali lenye pilipili ya miaka ishirini. Akawakumbuka watu wake kumi na mmoja, akalimeza.

"Nionyeshe basi, wifi."

Wifi akaweka kikombe chini, akavuta kiti, akavaa miwani. "Shika ncha ya mshale. Isogeze ukingoni mwa kisanduku. Polepole! Humfukuzi kuku. Umeona vinukta hivyo? Kila upande kimoja. Ncha yako ikikigusa chenyewe hasa, kinawaka kijani. Hapo ndipo unaachia, si kabla."

Kinukta kikawaka. Bi Pasi akaachia.

"Sasa sogeza kisanduku."

Kisanduku kikaenda, na mshale ukaenda nacho, ukipinda na kunyooka, kama mtoto aliyeshika pindo la nguo ya mamake sokoni. Bi Pasi akakipeleka juu, akakishusha chini, akakizungusha. Mshale haukuachia.

"Eeh!" akasema. "Kumbe siku zote nilikuwa nafunga mzigo bila fundo."

Wakafunga mishale yote, kumi na saba, mmoja baada ya mwingine. Wa kumi na nane ulipotaka kuongezwa, visanduku vikaruka tena kama siku ile ya mkutano. Bi Pasi akapiga ukelele.

"Anavipanga nani? Mimi sijagusa!"

"Programu. Imeambiwa ijipangie yenyewe. Kila ukiongeza kitu inadhani umeharibu, basi inakuja kukusaidia bila kuombwa."

"Msaada wa namna hiyo naujua," Bi Pasi akasema, na kabla hajajing'ata ulimi likatoka lililobaki: "Ni wa mawifi."

Kisha wifi akacheka, kicheko cha ghafla kilichomfanya avue miwani na kujifuta macho. "Haya, huyu tunamzima," akasema, akamwonyesha kwenye orodha ya juu pale palipowekwa alama ya kujipanga. Bi Pasi akaiondoa alama. Visanduku vikatulia, kila kimoja palepale alipokiweka yeye.

Mchana walishughulikia maneno. Bi Pasi alikuwa ameandika ndani ya kisanduku kimoja: "Kupokea nguo chafu kutoka wodi zote pamoja na kuzihesabu na kuzichambua kwa kufuata aina ya uchafu." Maneno yalimwagika nje pande zote mbili.

"Wifi, kisanduku si barua kwa shangazi," mchora ramani akamwambia. "Kila kimoja kitendo kimoja. Pokea. Hesabu. Chambua. Mtu akimaliza kusoma awe ameshajua cha kufanya."

"Na hapa panapouliza swali?"

"Hapo tia umbo la almasi. Swali moja, njia mbili, ndiyo na hapana."

Swali la kwanza lilikuwa, "Lina damu?" Wifi akauliza kwa nini nguo zenye damu zina njia yao, si zote zinaingia mashineni? Bi Pasi akamweleza kwamba damu haianzi na maji ya moto. Ukiianza na maji ya moto imejishona kwenye kitambaa, huitoi tena. Inaanza kulowekwa kwenye maji baridi. Akamweleza joto la maji ya kuulia vijidudu, na dakika zake, zisizopungua hata moja. Akasimama, akachukua kitambaa cha meza, akamwonyesha jinsi shuka la chumba cha upasuaji linavyokunjwa ili muuguzi alifungue kwa kushika ncha mbili tu, na upande utakaomgusa mgonjwa usiguswe na mtu.

Wifi alimtazama anavyokunja. Mikono ya Bi Pasi ilikwenda bila macho kuifuata.

"Miaka ishirini najua unafua," akasema taratibu. "Kumbe sijui unafanya nini." Akavua miwani. "Kuna neno nililisema jikoni kwetu, siku ile uliyoletwa."

"Nililisikia."

"Najua ulilisikia. Nilikiona kivuli chako mlangoni, na bado sikulirudisha. Nisamehe, wifi yangu."

Bi Pasi aliendelea kukunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena, maana hakujua mikono aipeleke wapi. Alikuwa ameliandaa jibu la siku hii kwa miongo miwili, refu, lenye kituo na mkato. Sasa halikuwepo. "Yamepita," akasema. "Chai yako imepoa, nikupashie?" Na alipofika jikoni alisimama mbele ya jiko akalia kidogo, akajifuta, akarudi na vikombe viwili.

Jumapili baada ya chakula cha mchana kulibaki tatizo moja, na hilo liliwatoa jasho wote wawili.

Karatasi ya masharti iliyotumwa na wakaguzi ilitaka njia ya nguo chafu iwe nyekundu na ya nguo safi iwe ya bluu, na kila mlango unaopitwa uwe na kisanduku chake. Chati ilianzia kwenye lifti, ikapita mlango wa korido, ikaingia ndani, ikazunguka kote, ikarudi kwenye mlango wa korido na lifti. Lakini pale kati ya mlango na lifti mistari miwili ilikaa mmoja juu ya mwingine, ikaonekana mmoja wa zambarau. Wifi akaung'oa ule wa bluu kwenye kinukta cha kushoto, akaufunga kwenye cha juu. Ukazunguka ukaja kukaa juu ya mwekundu. Akaufunga cha chini. Ukapita katikati ya "Chambua." Akaupinda kwa mkono hatua kwa hatua, na mwishowe mistari ikawa miwili, ubavu kwa ubavu.

"Umeweza!" Bi Pasi akapiga makofi.

Wifi hakufurahi. Alikuwa ameichukua karatasi ya wakaguzi anaisoma kwa kidole. "Hapa wamesema, 'Njia ya nguo chafu na njia ya nguo safi zisikutane mahali popote.' Hizi zinapita kisanduku kimoja. Hata nizipinde vipi, zinakutana mlangoni." Akafikiri. "Sisi kwenye ramani tungefanya hila. Mlango huu tungeuchora mara mbili. Mmoja huku, mmoja kule. Nani atajua?"

Bi Pasi alikuwa anakitazama kile kisanduku kilichoandikwa "Mlango wa korido," na badala ya kisanduku akawa anauona mlango wenyewe: rangi iliyobanduka, alama za matoroli kwenye fremu, bawaba inayolia. Kila asubuhi matoroli ya nguo chafu yaliingia pale. Kila alasiri ya nguo safi yalitoka pale. Hiyo ndiyo ratiba. Lakini wanawake wa wodi ya wazazi hawajifungui kwa ratiba, na kila siku, mara tano, mara sita, toroli lililojaa nguo zenye damu lilisimama mlangoni likisubiri toroli la mashuka meupe lipite, na mengine yakigusana. Alikuwa amelitazama jambo hilo mwaka baada ya mwaka mpaka jicho likazoea.

"Mlango ni mmoja, wifi," akasema mwishowe. "Tunahangaika na mstari, kumbe ubaya uko mlangoni."

"Basi mnahitaji mwingine."

"Upo." Bi Pasi alisimama. "Upo mlango wa uani! Upande wa chumba cha kukunjia, unatokea kwenye ile njia ya mteremko yenye paa, inakwenda moja kwa moja mpaka wodini. Miaka saba haufunguki. Stoo wamerundika vitanda vibovu nje yake."

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa mbele ya meza ya Katibu. Alimweleza yote. Katibu akasukuma miwani juu, ikateremka tena.

"Bi Pasi, wakaguzi wanataka karatasi. Chora milango miwili, mambo yaishe. Nani atashuka huko chini kuhesabu milango?"

"Mstari nitauvuta, Katibu. Toroli nitalivutia wapi?"

Katibu akaisukuma miwani tena.

"Kuna mtu anazaa leo mle wodini," Bi Pasi akaendelea, sauti chini. "Shuka atakalolalia litapita mlango uleule na shuka la mwenye kidonda. Juzi nilikuwa silioni hilo. Leo naliona. Sasa nikichora uongo, nitakuwa nimeuchora kwa kujua."

Katibu akavua miwani kabisa, jambo ambalo watu wachache waliwahi kuliona. Akachukua karatasi, akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri. "Una mpaka Jumatano jioni. Ukishindwa, nakabidhi ile ya mlango mmoja ilivyo."

Mtunza stoo alisoma barua ile akakunja uso. "Vitanda vile vinasubiri kamati ya kufuta mali chakavu."

"Vimesubiri miaka saba. Kamati ikija itavikuta ghalani, vimekaa vizuri, vimepangwa kwa idadi. Nitakuhesabia mwenyewe."

"Nani atavibeba?"

Bi Pasi akageuka nyuma. Watu wake kumi na mmoja walikuwa wamesimama kwenye korido, wamekunja mikono ya mashati. Mtunza stoo akawatazama, akatazama muhuri, akatoa funguo.

Vilikuwa vitanda thelathini na kimoja, vingine vimeumana miguu kwa kutu kiasi kwamba viliamuliwa kwa nyundo. Walivibeba kwa zamu Jumanne nzima, nusu yao wakibaki mashineni ili hospitali isikose mashuka, na mtunza stoo, baada ya kusimama pembeni saa nzima akihesabu, akavua koti akashika mguu wa kitanda cha ishirini na mbili. Mlango wenyewe ulipofikiwa haukukubali kufunguka. Seremala wa hospitali akaja, akamimina mafuta kwenye bawaba, akasubiri, akamimina tena, akaupiga bega. Ukafunguka kwa mlio uliowashtua mpaka watu wa maabara, na upepo wa nje ukaingia kwenye chumba cha kukunjia kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, ukapeperusha mashuka yote yaliyokuwa mezani. Hakuna aliyelalamika kuyakunja upya.

Jumatano walisugua sakafu na kuta. Toroli la kwanza lilikwama kwenye kizingiti. Seremala akapigilia ubao wa mteremko, likapita. Bibi mmoja aliyekuwa anatembezwa na muuguzi akaliona linashuka na mzigo wake mweupe, akasema, "Haa, leo kuna harusi?"

Jioni hiyo, kabla kazi haijaisha, Bi Pasi alikaa peke yake ofisini na kompyuta. Akaongeza kisanduku kipya, akaandika, "Mlango wa uani." Akaung'oa mstari wa bluu kwenye mlango wa korido, akauvuta polepole, kinukta kikawaka kijani, akaachia. Akaongeza "Njia ya mteremko," akafunga tena. Nyekundu ikaingia kushoto, bluu ikatokea kulia, na katikati hapakuwa na mahali palipokutana. Aliikodolea macho chati ile mpaka msaidizi wake alipomgongea dirisha akidhani ameugua.

Alhamisi ikafika. Mkaguzi mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu visivyotoa sauti, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Alikaa ofisini kwa Katibu na wakuu wa idara wakasimama ukutani. Chati za wengine zilikuwa zimekwisha kupita. "Chumba cha kufulia," akasema.

Karani akabonyeza, printa ikanguruma, karatasi kubwa ikatoka. Ilikuwa nyeupe tupu. Kwenye pembe moja tu kulikuwa na kitu kidogo kama stempu ya barua: chati ya Bi Pasi, yote, kwa maandishi ambayo hata sisimizi angehitaji miwani. Karani akachapa tena. Stempu ileile. Mtu ukutani akakohoa. Katibu alianza kutoa jasho kwenye paji la uso.

"Naomba kukaa hapo," Bi Pasi akamwambia karani.

Akaketi. Wifi alikuwa nyumbani kilomita sita kutoka pale. Chati kwenye skrini ilikuwa nzima. Kwa nini karatasi iione ndogo? Akawaza kama mtu wa kufua: mashine ikigoma kuzunguka, kabla ya kuita fundi, angalia kama kuna kitu kimesahaulika ndani. Akaivuta picha nyuma, mbali, mbali zaidi, mpaka chati yake ikawa kidoa upande wa kushoto. Na kule kulia kabisa, peke yake katika jangwa jeupe, kilikaa kisanduku kimoja kitupu. Kilikuwa kimerushwa huko siku ile vilipokuwa vinajirukia, na tangu hapo programu ilikuwa inajitahidi kubana yote kwenye karatasi moja na kisanduku hicho nacho kimo.

"Nimekuona," Bi Pasi akasema kwa sauti, akakibonyeza, akakifuta. "Chapa sasa."

Printa ikanguruma. Chati ikatoka imejaa karatasi toka ukingo hadi ukingo, nyekundu kushoto, bluu kulia, kila kisanduku na neno lake. Mtunza stoo ndiye aliyepiga kofi la kwanza.

Mkaguzi hakupiga makofi. Aliichukua karatasi, akasimama. "Twende nayo."

Wakashuka. Alifuata mstari mwekundu kwa miguu, kidole kwenye karatasi, kisanduku kwa kisanduku. Kwenye mlango wa korido alisimama robo saa nzima, anatazama nini kinapita. Akamgeukia ghafla mwanamke aliyekuwa anachambua. "Shuka lenye damu linakwenda wapi?"

"Maji baridi kwanza, mama. Kule, sinki la pili."

Mwanamke yule hakutazama chati hata kidogo. Mkaguzi akaandika kitu. Akaifuata bluu mpaka mlango wa uani, akagusa bawaba, kidole kikatoka na mafuta mapya.

"Mlango huu umeanza kutumika lini?"

Katibu, nyuma yake, akafumba macho.

"Jana," akasema Bi Pasi.

"Na kabla ya jana?"

"Kabla ya jana nguo chafu na safi zilikuwa zinakutana kule kwenye korido. Tuliligundua hilo tulipokuwa tunachora. Tukaja kufungua huku."

Mkaguzi aliandika muda mrefu, akageuza karatasi, akaandika na nyuma. Kisha akamtazama Bi Pasi usoni, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Nimezunguka hospitali nyingi. Chati nzuri nimeziona. Sijawahi kuona chati iliyohamisha vitanda." Akaikunja ile karatasi kwa uangalifu. "Hii naondoka nayo. Nitawaonyesha wengine."

Saa tisa alasiri Katibu alishuka mwenyewe chumba cha kufulia, jambo lisilokuwa kawaida yake, akasimama katikati ya mashine akapaza sauti ili asikike. Idara kumi na mbili zimekaguliwa. Alama za juu kuliko zote ni za hapa. "Na ile barua ya kampuni ya nje," akasema, "naijibu leo hii. Nitawaambia hospitali hii ina dobi wake."

Vigelegele vilivyopigwa vilifunika mashine zote nne. Walimnyanyua Bi Pasi wakamketisha juu ya toroli la mashuka safi, naye huku akipiga kelele kwamba wanachafua mzigo, wakamsukuma mpaka mlango wa uani, wakamteremsha kwenye njia ya mteremko na kumrudisha, kitambaa chake cha kichwani kimekwenda upande na mikunjo kama karatasi iliyofinyangwa. Wagonjwa walichungulia madirishani, wengine wakapunga mikono bila kujua wanashangilia nini.

Alipopata pumzi alipiga simu nyumbani. Ilipokelewa kabla haijaita mara mbili.

"Wifi, sema!"

"Tumeshinda wifi! Tumekuwa wa kwanza!"

Upande wa pili kilipigwa kigelegele kirefu hata akaiondoa simu sikioni. Wifi akawaita watoto, akawaambia, akarudi anahema. "Nipigie picha hiyo chati unitumie. Sasa hivi."

Akampigia picha nakala iliyobandikwa ukutani, akatuma, akangoja. Dakika moja, mbili. Ujumbe ukaingia: "Nzuri sana. Ila 'Hesabu' iko juu kidogo, haijalingana na mwenzake."

Bi Pasi akausogelea ukuta, akafumba jicho moja, akapima kwa kidole. Ni kweli, kisanduku kile kilikuwa juu kwa unywele mmoja. Akacheka peke yake, akaenda kuwasaidia kukunja mashuka ya jioni.